"Mtoto huzoea upesi": tuliovuka kwenda Shimoni 2001 tukiwa wadogo tuseme kweli

#1 MwanaMsuka

Assalaam alaykum wakuu.

Juzi humu, kwenye ule uzi wa vita vya Sudan, kuna ndugu aliandika kwamba wa kuhurumiwa ni wakubwa, watoto hawana neno, mtoto mpe mpira tu na kesho kashasahau. Watu wakammiminia kongole. Nilitaka kumjibu pale pale nikaona maneno yatakuwa marefu, bora nifungue uzi wangu.

Januari 2001 nilikuwa darasa la tatu, kwetu kaskazini ya Pemba. Yaliyotokea tarehe 26 na 27 mwezi ule, Unguja na Pemba, askari walipowapiga risasi wafuasi wa chama cha CUF waliotaka uchaguzi urudiwe, sina haja ya kuyarudia. Waliokuwepo wanayajua, na kwa wasiokuwepo iko ripoti ya Human Rights Watch, inataja watu wasiopungua 35 waliouawa na kama 2,000 waliovuka kwenda Kenya. Katika hao elfu mbili mmoja ni mie. Siandiki kwa ajili ya vyama. Atakayeleta ugomvi wa vyama humu nitamwomba msimamizi amtoe.

Tulitoka usiku kwa mashua ya kuvulia. Kwa wavuvi wetu Shimoni, pwani ya Kenya, si mbali, wanakwenda dago huko, yaani kupiga kambi ya kuvua, tangu enzi za mababu. Lakini wanawake na watoto hawaendi dago. Sie wadogo tulilazwa chini, maji ya ngama yanatulowesha migongo, juu tumefunikwa tanga kuukuu lenye harufu ya shombo. Tukakatazwa kukohoa. Sasa mtu akisikia hivyo anadhani hapo ndipo penye shida ya mtoto mkimbizi. Mie nadhani safari niliipenda. Nilikuwa na baba, na chombo kilikuwa kinakwenda.

Shida ilianza tulipofika mahali ambapo kila mtu aliona hatuna shida. Shimoni watu wanasema Kiswahili, Waislamu wenzetu, wanakula samaki, wanawake wanajitanda kanga. Wengine ni jamaa zetu kabisa. Walitupokea, Mungu awalipe. Wakubwa wetu wakasema hapa ni kama nyumbani. Basi mtoto anayelia mahali palipo kama nyumbani anaonekana mdeko tu.

Wengi walikaa kwenye maturubai, mie nikachukuliwa na jamaa wa upande wa mama. Nikawa nakwenda skuli na mtoto wao, tunakaa dawati moja. Nyumbani nilikuwa bingwa wa hesabu, jedwali la saba naliimba nikiwa juu ya mti. Siku moja mwalimu akanielekea akasema maneno ya Kiingereza. Namba mbili nikazitambua mle ndani, maana kuhesabu kwa Kiingereza tulifundishwa hata kwetu, ila sikujua nizijumlishe, nizitoe au nizizidishe. Mwenzangu chini ya dawati akanichorea alama ya kuzidisha pajani kwa kidole. Nikasimama nikasema kwa sauti: hamsini na sita. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, alikuwa mtu mwema, akasema ni sawa ila nijibu kama wenzangu wanavyojibu.

Tangu siku hiyo sikunyanyua mkono. Jibu ninalo, nimelikalia. Nikirudi naulizwa skuli vipi, nasema nzuri. Nikamsikia mjomba akimwambia mama uani: "Unaona? Huyu keshazoea."

Hilo "keshazoea" ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nikitoka kazini naendelea na kambi ya Dadaab.

#2 Chukwani_Juu

Niko siti ya mbele mkuu. Shusha.

#3 MzeeWaHoja

Mambo ya 2001 mpaka leo? Tusonge mbele jamani, nchi inajengwa.

#4 DadaWete

Mwenzio anazungumzia mtoto wa darasa la tatu, wewe unazungumzia nini? Kaka endelea, asikutoe relini huyo.

#5 Mvumba_Asili

Salaam ndugu zangu wa Pemba. Mie kwetu Shimoni, na wakati huo nilikuwa rika lako MwanaMsuka. Ngoja nikupe ya upande wetu.

Sie watoto tuliwajua Wapemba kuwa ni watu wa dago. Wanakuja na pepo zao, wanapiga kambi ufukweni, wanavua, wanakausha, wanaondoka. Wanaume watupu. Ile kuwaona wanateremka na wake zao, na vikongwe wamebebwa mgongoni, na watoto wachanga, ilitushangaza mno. Mamangu alipika sufuria la wali likaondoka lote, akateleka jingine. Mtaa mzima ulikuwa hivyo siku za mwanzo.

Kisha yakaja magari. Yakaja maturubai, mablanketi, biskuti, na watu wa magazeti na kamera zao. Hapo watoto wenyeji wakanuna. Nguo zetu zimechanika sawa na zao, lakini biskuti wanapewa wao. Kulikuwa na vijana wa mtaani kwetu, wakubwa kidogo, wakawa wanamvizia mtoto mmoja wa Kipemba njia ya kisimani: hupiti mpaka utoe biskuti. Siku ya kwanza akatoa pakiti nzima, hakusema neno. Wale walitaka abishane wapate raha ya kumnyang'anya. Siku zilizofuata akawa anakuja pakiti iko mkononi, ameinyoosha kabla hajaombwa, na anatabasamu. Mpaka wenyewe wakaona aibu wakamwacha. Na hata walipomwacha aliendelea kuinyoosha.

Na Iddi Kubwa ya mwaka ule, Machi, iliwakuta hapa hapa. Walikwenda kuswali na nguo zile zile walizovukia, lakini mkono wa Iddi watoto wote walipata sawa. Hilo nawasifu wazee wetu.

#6 MwanaMsuka

Mvumba, shukrani sana. Biskuti hizo nazikumbuka, zilikuwa ngumu unaweza kujengea ukuta. Huyo wa kisimani sikuwa mie, mie zangu nilikuwa nazificha kwenye paa.

Haya, Dadaab.

Ikaamuliwa wakimbizi wasikae pale pwani, wahamishwe bara. Kwa asiyejua, Dadaab iko Garissa, upande wa mpaka wa Somalia. Wakati huo kambi zilikuwa tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa 1991 na 1992 vita vya Somalia vilipowaka, na ndani yake watu zaidi ya laki moja, karibu wote Wasomali. Sie Wapemba tulikuwa kikapu kimoja cha dagaa kwenye soko zima.

Mtu aliyezaliwa Pemba hajui nchi isiyo na bahari. Hata ukiwa shamba ndani kabisa, panda kilima utaiona, au utasikia mtu anauza kitu kilichotoka humo. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, tulipoteremka kwenye basi swali lake la kwanza lilikuwa bahari iko upande gani. Baba kwa kumtuliza akamwonyesha miti mbali kule, akamwambia iko nyuma ya ile miti. Asubuhi yake mtoto hayupo. Alitafutwa mpaka adhuhuri, akaletwa na mwanamke wa Kisomali aliyemkuta nyuma ya ile miti amekaa, analia, miguu imejaa miiba.

Chakula kilikuwa cha mgao: unga, maharage, mafuta, chumvi. Samaki hakuna, nazi hakuna. Siku mama alipopika maharage kwa maji matupu alilia, baba akamwambia anyamaze watoto wanaona. Na kweli tulikuwa tunaona.

Baba ni mvuvi, mikono yake haijui kukaa bure. Akawa anachambua viroba vya unga, uzi mmoja mmoja, anausokota pajani, anafuma wavu. Watu wakamwona kaingiwa na wazimu. Wavu wa kuvulia nini, mchanga? Hakuwajibu. Ulipokwisha akaukunja akauweka pembeni, akaanza mwingine. Mie na mwenzangu mmoja tukauiba ule wa kwanza tukautundika kwenye miti miwili, ikawa goli lenye wavu. Magoli mengine yote yalikuwa ya mawe. Jioni ile ile walikuja watoto wa Kisomali wengi, na kaka zao wakubwa nyuma yao, kila mmoja anataka apige mpira uone wavu unavyotikisika. Baba alikuja kutazama, hakusema kitu kuhusu wizi. Akarekebisha fundo moja, akaondoka.

Kisomali nilikipata hapo, mpirani, kwa kugombezwa. Kaalay (njoo), biyo (maji), haa (ndiyo), maya (hapana). Vijana wale walikuwa wakali lakini hawana choyo. Muda si mrefu mama akawa haendi sokoni bila mie.

Sasa hapo mtu akiniona anasema huyu kazoea, au vipi? Ana marafiki, ana lugha, ana goli lenye wavu. Ngojeni niwaambie kazi ya mtoto mwenye lugha.

Watu wote kambini walikuwa wanauza sehemu ya mgao ili wapate sukari na majani ya chai. Baba akienda dukani na unga wake, mie nasimama katikati. Siku moja mwenye duka akaniambia: mwambie babako, mwanamume gani anakimbia kwao bila ya kurusha hata jiwe? Nikamgeukia baba: anasema bei ya unga imeshuka. Baba akasema mwambie tunaomba atuongeze kidogo, tuna watoto. Nikamgeukia yule: baba anasema ana haraka. Nina miaka tisa, kutwa nachuja. Matusi ya huku nayafanya bei, maombi ya huku nayafanya haraka, ili wote wawili wabaki wanaume.

Nadhani baba alijua. Alifika mahali akaacha kwenda, akawa ananituma peke yangu.

#7 Chukwani_Juu

Mkuu hapa nimesimama kwanza nikanywe maji.

#8 DadaWete

Mie pia nilikuwa huko, sikutaka kusema ila uzi umenivuta. Kaka zetu walikuwa na mpira. Sie wasichana tulikuwa nyuma ya mama zetu, foleni ya maji na kutafuta kuni. Maji yalikuwa na fujo tu, madumu yamepangwa foleni tangu alfajiri na kila mtu analinda dumu lake. Kuni ndizo zilizokuwa na khofu, kwa sababu unatoka nje ya kambi. Tulikwenda kwa makundi, na wakubwa wakitwambia tukiambiwa kimbia tukimbie bila ya kugeuka. Hapo siongezi.

Na sisi tulisifiwa hivyo hivyo. "Watoto wa kike wa Kipemba wana adabu, hawalalamiki."

#9 BiMkubwa_Maskati

Mwanangu MwanaMsuka, nimekusoma na machozi yananitoka. Lakini nna neno langu, na usinune.

Mie ni wa zamani. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalinikuta mtoto mdogo, kwetu Chake. Tukatoka, tukakaa Mombasa kwa ndugu miaka mingi, kisha tukaja huku Maskati mwaka 1972. Sultan Qaboos alikuwa kashika nchi Julai 1970, akawaita watu waliotawanyika warudi waijenge. Msione Oman ya leo mkadhani ilikuwa hivi. Alipoingia yeye skuli zilikuwa tatu nchi nzima, tena za wavulana. Za wasichana ndiyo kwanza zinafunguliwa tulipofika sie.

Basi mie msahafu nimekhitimu kwa bibi yangu, nasoma kwa tajwidi. Mwalimu wetu alikuwa Mmisri. Siku ya kwanza akanisimamisha nisome, nikasoma mpaka akafumba macho kwa raha. Nilipomaliza akaniuliza kwa Kiarabu natokea wapi. Nikamtumbulia macho. Akauliza tena, polepole. Nikafikiri, huyu anataka niendelee. Nikamsomea aya inayofuata. Lo! Wasichana walicheka mpaka mmoja akatolewa nje.

Na jina tulipewa, Wazinjibari. Zanzibar tuliambiwa nyie Waarabu rudini kwenu, tulipofika kwetu tukaambiwa nyie Waswahili. Sitaki kulikuza hilo, maana Oman imetulea na imetusomesha, na Kiingereza tulichokuja nacho kiliwapa kaka zetu kazi nzuri nzuri maofisini.

Neno langu ni hili: mie nilizoea. Wallahi nilizoea. Mwaka wa pili nilikuwa nagombana na wenzangu kwa Kiarabu na nawashinda. Asiyezoea alikuwa mamangu. Mpaka anakufa kila sentensi yake ilikuwa "tukirudi". Tukirudi nitapanda mlangilangi pale, tukirudi nitamdai fulani sufuria langu. Kwa hiyo huyo uliyemkasirikia hakukosea yote. Usiwasemee watoto wa dunia nzima.

#10 MwanaMsuka

Bi mkubwa shikamoo. Sinuni hata kidogo, nimejifunza. Na hiyo aya imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wameniuliza kulikoni.

Nikuulize moja tu kwa adabu. Siku ile ulipofika nyumbani, ulimsimulia mamako?

#11 BiMkubwa_Maskati

Marahaba mwanangu.

Sikumsimulia. Alikuwa na yake ya kutosha. Mara ya kwanza kuisimulia hii hadithi nishakuwa bibi, kwenye harusi ya mjukuu, watu wakacheka sana.

Hapo umenibana. Lakini bado nasema nilizoea.

#12 MzeeWaHoja

Mie niliyesema tusonge mbele nimesoma yote. Endeleeni.

#13 MpembaWaKilifi

Nyie afadhali mlikuwa na kadi za ukimbizi.

Babu yangu alikuja pwani ya Kenya kuvua kabla ya uhuru, akaoa huku, akazaa huku. Mie nimezaliwa huku, na mtu akinipeleka Pemba leo nitapotea bandarini. Lakini cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho kwa sababu baba hakuwa na kitambulisho, na baba hakuwa nacho kwa sababu babu hakuandikishwa. Mlipokuja 2001 mkaitwa wakimbizi, nasi tuliokuwepo zamani tukaanza kuulizwa njiani: nyie ndio wale wa juzi? Majirani tuliozaliwa nao!

Mtihani wa darasa la nane ulikuwa unataka cheti. Wazee wakafanya walilolijua, wakawaandikisha watoto kwa ukoo wa jirani, huyu Mdigo, yule Mgiriama, mwingine Mbajuni. Mie nilikaa skuli miaka minane naitika ukoo wa rafiki wa baba. Nyumbani jina hili, skuli jina lile, na onyo kila asubuhi kabla sijatoka. Niligombana na mtoto mmoja uwanjani akanitukania ukoo, nikakaa kimya, akasema huyu mwoga hatetei ukoo wake. Ningetetea vipi ukoo wa kuazima?

Januari 2023 serikali ya Rais Ruto ikawatambua Wapemba kuwa ni miongoni mwa makabila ya Kenya, na Julai mwaka huo huo tukaanza kupewa karatasi zetu hapa Kilifi. Mie nishakuwa baba wa watoto. Siku nimekaa mbele ya karani, akaniuliza jina la ukoo, mdomo wangu ukataja lile la skuli. Karani akaandika. Ikabidi mke wangu aliyekuwa nyuma kwenye foleni apige kelele.

#14 Mvumba_Asili

Hilo la kuazimana ukoo pwani lipo sana, na si Kilifi peke yake. Kwale pia. Hongera kwa kitambulisho ndugu yangu, ijapo kimechelewa.

#15 MwalimuUkunjwi

Nami nitie langu, kwa upande wa wanaopokea. Ni mwalimu Pemba miaka mingi, skuli sitaitaja.

Kuna Wazanzibari waliotoka Dadaab wakavuka kuingia Somalia, wakaishia Mogadishu. Wakakaa huko zaidi ya miaka kumi, na vita vyote vile mnavyovisikia, mpaka UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilipowasaidia kikundi chao kurudi mwaka 2012. Habari zao zilitoka kwenye magazeti. Wengine walirudi kimya kimya kwa njia zao, na watoto waliozaliwa ugenini.

Mmoja katika watoto hao wa ugenini alipitia mikononi mwangu. Alikuja anaijua Pemba yote kwa mdomo. Anajua jina la kila kitongoji cha kwao, kisima cha nani, mwembe wa nani, chini ya mwembe palikuwa na barza ya wazee wa bao. Hajapata kupaona. Wenzake kwa ushabiki wakamchukua jioni moja wampeleke akaonyeshe. Kufika, mwembe hakuna, ulishakatwa zamani, pana duka. Mtoto akawaambia nyie mmekosea njia. Wakamwambia hapa ndipo. Akawaambia nyie hampajui. Anawaambia wenyeji waliozaliwa pale! Kesho yake wakaja wanamwigiza, "hampajui nyie, hampajui," na yeye kajikunja nyuma ya darasa.

Mie sikuwachapa wala sikuwahubiria. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kitongoji kile nikamwomba aje skuli asubuhi, kipindi cha kwanza. Akaja na kofia yake na mkongojo. Nikamwuliza mbele ya darasa: mzee, pale palikuwa na mwembe? Akasema ulikuwepo, embe sindano, na akamtaja aliyeukata, na akamtaja babu wa yule mtoto kuwa alikuwa mwizi mkubwa wa kete za bao. Darasa likacheka, na mtoto naye akacheka, safari hii akiwa upande wa wanaocheka. Hatukumaliza hesabu siku hiyo.

Nilichokiona kwa watoto hawa ni kuwa wanakuja na nchi nzima kichwani waliyopewa na wazazi, kisha sisi tunawaambia nchi hiyo haipo.

#16 Chukwani_Juu

Mwalimu, na MwanaMsuka, nilikuwa nasoma tu lakini sasa naomba msaada wa kweli.

Tuna mtoto wa shemeji yangu hapa nyumbani, wa miaka kumi. Wazazi wake walikwenda Ulaya wakaomba hifadhi, maombi yakakataliwa, wakakata rufaa, mambo yakawa marefu, mwisho wamerudi. Mtoto kazaliwa kule. Kiswahili anasikia, kusema anasema kwa tabu. Wazazi wako Dar wanahangaikia kazi, yeye kaachwa kwetu. Kila anayeingia anamshika kichwa anamwambia karibu nyumbani. Haongei. Anakula, anashukuru, anakwenda chumbani. Mama mkwe anasema ana maringo ya Kizungu. Mke wangu anasema mwacheni atazoea. Mie baada ya uzi huu hilo neno limeanza kunitia khofu.

#17 MwanaMsuka

Mkuu, ngoja nikujibu kwa kukumalizia yangu.

Sie tulirudi baada ya ule Muafaka wa vyama vya CCM na CUF, uliotiwa saini Oktoba 10, 2001. Nyumba ilikuwepo, milango haikuwepo. Skuli nikarudishwa darasa la tatu lile lile, wenzangu wako la nne. Siku za mwanzo tukicheza nage nikasema "maya" badala ya hapana, basi nikaitwa Msomali mpaka darasa la saba. Nikafanya kile nilichokwishajifunza Shimoni. Nikakikalia Kisomali changu mpaka kikafa. Leo nikisikia watu wanakisema naelewa kwamba nilikuwa naelewa, basi.

Lakini kilichonikera zaidi ni kuwa hakuna aliyenipa ruhusa ya kupachukia. Tumerudi kwetu, alhamdulillahi, nani atasema hapendi? Nilimkumbuka rafiki yangu wa Dagahaley, niliikumbuka chai yao ya maziwa yenye hiliki, nikaikumbuka hata ile foleni. Ningemwambia mama hivyo? Mama aliyelia kwa sababu ya nazi?

Kwa hiyo huyo mtoto msimwulize "umezoea?" Swali hilo jibu lake ni moja tu na analijua. Mwulize nini hapa nyumbani kwenu kinamwudhi. Mwulize ukiwa naye peke yako, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnaosha baiskeli au mnachambua mchele. Na akisema, msimkatize, hata akitukana chakula cha mama mkwe. La pili, msimfanye mkalimani wenu wa simu na barua za Kizungu hata kama anaweza. Na hayo ya kumshika kichwa waambieni waache.

#18 MwalimuUkunjwi

Naongeza kidogo. Ukimpeleka skuli, ongea na mwalimu wake kabla. Amkalishe na mtoto mmoja mpole wa kumwelekeza, wala asimsimamishe mbele ya darasa "atufundishe Kizungu". Walimu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na mtoto anageuzwa maonyesho. Chuo cha Kurani vile vile, kama hajui herufi akae na wenzake wa rika lake lakini afundishwe pembeni. Kumweka na watoto wa miaka mitano ni kumvunja.

#19 DadaWete

Na mruhusuni aongee na rafiki zake wa kule kwenye simu. Watu hukataa wakisema ataendelea kukumbuka. Atakumbuka tu.

#20 Chukwani_Juu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jana tulikuwa tunaparua samaki uani, mie na yeye tu. Nikamwuliza kama mlivyosema.

Kwanza kimya. Nikaendelea kuparua. Kisha akauliza, "Chochote?" Nikamwambia chochote. Akaanza na choo: mlango haufungi, na anashikilia kwa mguu kila akiingia, tangu alipofika. Kisha mbu. Kisha jogoo wa jirani. Kisha akasema dagaa wananuka na bibi anamwangalia anapokula. Kisha kuna rafiki yake huko, jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kachanganya lugha mbili, nusu sikuielewa, lakini kaongea mpaka samaki wote wakaisha na nikawa naparua wale wale tena.

Mke wangu alikuwa dirishani. La dagaa kalimeza, la mlango wa choo limemwudhi, anasema mtoto kamaliza siku zote hizo hasemi!

#21 MwanaMsuka

Mkuu, komeo la choo ni shilingi elfu chache tu Darajani. Kalifunge leo.

#22 Chukwani_Juu

Nimeshalinunua. Kasema atalifunga mwenyewe, ila nimtafutie bisibisi.